Tanga katika Darasa la Bara: Vipimo Vyake na Namba Zake

Makala haya yametokana na swali la mtoto mmoja. Tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya msingi iliyo karibu na Ziba, wilayani Igunga, kama ilivyo desturi ya wakufunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa Hisabati. Mwanachuo wetu alichora pembetatu ubaoni, akaandika chini yake: "Tanga la jahazi lina kitako cha mita 6 na kimo cha mita 8. Tafuta eneo lake." Watoto walizidisha, wakagawanya kwa 2, wakapata mita za mraba 24. Ndipo msichana mmoja wa dawati la tatu aliponyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo jora moja la nguo litatosha kushona tanga hilo?"

Mwanachuo alisita, akaitazama saa yake, akajibu: "Hilo halimo katika somo la leo. Keti." Msichana aliketi, wala hakunyosha mkono tena mpaka kengele ilipolia. Baadaye tuliambiwa kwamba mama yake ni fundi cherehani sokoni.

Haifai kumlaumu mwanachuo peke yake. Sisi wenyewe tuliandika katika fomu ya ukaguzi: "Somo limekwenda vizuri, wakati umetumika ipasavyo." Usiku ule, tulipojaribu kulijibu swali la yule msichana juu ya karatasi, jibu letu la kwanza lilikuwa na kosa. Tulitambua kwamba tulikuwa tumekagua utaratibu wa somo, bali somo lenyewe hatukulikagua. Tangu hapo tumeona yafaa tuwaeleze wanachuo, kwa kirefu, jinsi tanga linavyopimwa na maana ya namba zilizoandikwa juu yake, ili tanga likiingia darasani tena lisiwe pembetatu tupu iliyopewa jina la tanga.

Neno lenyewe

Ziba iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Bahari ya Hindi. Watoto wengi wa huko hawajaona chombo kinachokwenda kwa upepo. Tulipowauliza tanga ni nini, mmoja alisema ni mji ulioko pwani, mwingine akasema ni siku za msiba. Wote wawili walisema kweli, kwa maana neno hilo lina maana hizo pia. Mwalimu asiyeanza na neno hufundisha hesabu ya kitu ambacho darasa halikioni. Hatua ya kwanza basi ni kueleza tanga na viungo vyake.

Tanga ni nguo inayofungwa katika chombo ili ikinge upepo na kukisukuma. Mlingoti ni mti mkubwa uliosimama katikati ya chombo. Foromali ni mti mrefu unaoning'inizwa mlingotini kwa mshazari, na ukingo mrefu wa tanga hufungwa juu yake. Henza ni kamba ya kupandishia foromali. Demani ni kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Nahodha huamuru ivutwe au ilegezwe kwa kufuata upepo. Kupandisha tanga ni kutweka, na kulishusha ni kutua. Maneno haya yaandikwe ubaoni kabla ya tarakimu yoyote, na kila neno liwe na kitu cha kuonyesha: ufito kwa mlingoti, ufito mwepesi zaidi kwa foromali, kipande cha kanga kuukuu kwa tanga, na uzi wa katani kwa henza na demani.

Tanga na nguo ya msafara

Mwanachuo anaweza kuuliza: kwa nini tuwafundishe watoto wa Unyamwezi habari za tanga, hali hawaoni bahari? Jibu ni kwamba nguo imepimwa katika nchi hii kwa zaidi ya karne moja na nusu, na vipimo vyake ndivyo vilivyotumika pwani pia.

Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za nchi hiyo zilileta Unguja nguo ya pamba isiyopaushwa, nayo ikapewa jina la nchi itokako: merikani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliibeba merikani mpaka Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Nguo hiyo ilikuwa bidhaa, ilikuwa ujira, na ilikuwa hongo ya kupita katika nchi za watemi. Burton na Speke walipofika Tabora, ambayo wao waliiita Kaze, mwezi wa Novemba 1857, waliishi kwa kuhesabu nguo kama sisi tunavyohesabu shilingi.

Vipimo vilikuwa hivi. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, mkono ukiwa umekunjuliwa. Shibiri 2 ni dhiraa 1, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kiasi cha sentimita 46. Dhiraa 2 ni wari 1, na wari ndiyo yadi. Dhiraa 4 ni pima 1, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Nguo ya dhiraa 4 iliitwa shuka, na shuka 2 ni doti 1, yaani dhiraa 8 au yadi 4. Neno doti halijafa: mama anaponunua kanga jozi moja husema amenunua doti. Watoto wa Ziba wanalijua neno hilo kabla hawajaingia shuleni, na mwalimu mwenye busara huanzia hapo.

Tena chombo chenye tanga kimepata kupita jirani na nchi hiyo, ijapokuwa kilibebwa mabegani. Stanley alipotoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 alikuwa na mashua iitwayo Lady Alice. Ilikuwa na urefu wa futi 40 na upana wa futi 6, nayo ilitenganishwa vipande 5, kila kimoja futi 8, ili wapagazi waweze kuichukua. Msafara ulipita Iramba, ukavuka mbuga ya Wembere, ukaingia Usukuma, na tarehe 27 Februari 1875 ukafika Kageye kando ya Ziwa Viktoria. Huko vipande viliunganishwa, na mwezi wa Machi mashua ikatweka tanga ziwani. Darasa linaweza kuhesabu: vipande 5 mara futi 8 ni futi 40; futi 6 ni pima 1; basi urefu wa mashua ni pima 6 na futi 4, au mita 12.19. Hesabu hiyo ina historia ya nchi yao ndani yake.

Kimo si ukingo

Sasa tuingie katika kupima tanga lenyewe. Tanga la ngalawa au la mashua yetu ya pwani lina pande 3. Ukingo mrefu kuliko yote umefungwa katika foromali. Ukingo wa nyuma unashuka kutoka ncha ya juu ya foromali hadi kwenye demani. Ukingo wa chini unatoka kwenye demani kurudi mbele. Matanga ya vyombo vingi vikubwa vya Kiarabu yana ukingo mfupi wa nne upande wa mbele, kana kwamba pembe ya mbele imekatwa. Hayo hupimwa kwa kuyagawa pembetatu 2.

Watoto wengi, na hata baadhi ya wanachuo, hudhani kwamba kimo cha pembetatu lazima kiwe ukingo mmojawapo. Wamezoea kuona pembetatu yenye pembe mraba iliyochorwa imesimama wima, ambayo kitako chake na kimo chake ni kingo zake mbili. Tanga linalitibu kosa hili, kwa sababu tanga halisimami wima. Limelala mshazari juu ya foromali, na hakuna ukingo unaoonekana kuwa "chini" kwa hakika.

Tuchukue tanga la mwanachuo wetu. Ukingo wa nyuma ni mita 8, ukingo wa chini ni mita 6, na pembe iliyo kwenye demani ni pembe mraba. Basi ukingo wa foromali ni mita 10, kwa kuwa 36 na 64 ni 100. Tukifanya ukingo wa chini kuwa kitako, eneo ni nusu ya 6 mara 8, yaani mita za mraba 24. Sasa tufanye foromali kuwa kitako. Kimo chake si ukingo wowote: ni umbali kutoka pembe ya demani hadi foromali, ukipimwa kwa njia ya mkato inayokutana na foromali kwa pembe mraba. Ukilipima tanga uwanjani kwa kamba utapata mita 4.8. Nusu ya 10 mara 4.8 ni 24. Nguo ni ile ile, eneo ni lile lile.

Inafaa watoto wagundue jambo hili wenyewe. Wapewe kamba yenye mafundo 12 yaliyoachana sawasawa. Ikivutwa kwa pande za nafasi 3, 4 na 5 hutoa pembe mraba bila kifaa kingine. Nafasi kati ya fundo na fundo zikiwa mita 2 kila moja, tanga la mita 6, 8 na 10 litatandazwa uwanjani kwa ukubwa wake halisi. Mtoto aliyesimama katika pembe ya demani na kutafuta njia fupi kuliko zote ya kufika foromali ameelewa maana ya kimo kwa miguu yake.

Herufi nne za mashua za kisasa

Mashua nyingi za kisasa za michezo na za safari, kama zile zionekanazo katika klabu za Dar es Salaam na Mombasa, hazina foromali. Zina matanga 2: tanga kuu lililo nyuma ya mlingoti, na tanga la mbele lililo kati ya mlingoti na omo. Mafundi wa matanga duniani hutumia herufi 4 kutaja vipimo vyake, nazo ni I, J, P na E.

P ni urefu wa ukingo wa tanga kuu unaopanda na mlingoti. E ni urefu wa ukingo wake wa chini, ulio kwenye boriti inayolala nyuma ya mlingoti. I ni kimo cha pembetatu ya mbele, kutoka sitaha hadi pale kamba nene ya mbele inapokutana na mlingoti. J ni kitako cha pembetatu hiyo, kutoka mlingotini hadi pale kamba ile inapofungwa omoni.

Tuseme P ni mita 11, E ni mita 4, I ni mita 12 na J ni mita 5. Tanga kuu ni nusu ya 11 mara 4, yaani mita za mraba 22. Pembetatu ya mbele ni nusu ya 12 mara 5, yaani mita za mraba 30. Jumla ni 52. Tanga kuu la kweli huzidi hesabu hii kidogo, kwa sababu ukingo wake wa nyuma hukatwa ukatokeza nje kwa mviringo. Mwanafunzi ajue kwamba amekadiria.

Tanga la mbele halilazimiki kulingana na pembetatu yake. Linaweza kupita nyuma ya mlingoti. Hapo mafundi hupima umbali kutoka pembe ya nyuma ya tanga hadi ukingo wake wa mbele, kwa pembe mraba, kisha hulinganisha umbali huo na J. Umbali ukiwa mita 6 na J ikiwa mita 5, tanga huitwa la asilimia 120. Kamba ya mbele ina urefu wa mita 13, maana 144 na 25 ni 169. Basi eneo la tanga hilo ni nusu ya 13 mara 6, yaani mita za mraba 39. Mwanachuo ataona kwamba kipimo hiki ni kile kile tulichokipata katika tanga la foromali: kimo ambacho si ukingo.

Kwa nini mabaharia hujali eneo? Nguvu ya upepo juu ya tanga huongezeka kwa kadiri ya eneo, lakini huongezeka kwa mraba wa mwendo wa upepo. Upepo ukienda kasi mara 2, nguvu yake juu ya tanga lile lile huwa mara 4. Chombo kilichokwenda salama kwa tanga la mita za mraba 24 kingehitaji tanga la mita za mraba 6 tu ili kibaki na nguvu ile ile. Ndiyo maana manahodha wa majahazi walichukua tanga zaidi ya moja, wakatua kubwa na kutweka dogo wakati upepo ulipochafuka. Nahodha aliyekosea eneo alipoteza shehena, na pengine watu.

Jora moja litatosha?

Tulirudie sasa swali la msichana. Matanga ya kale hayakukatwa katika nguo moja pana. Yalishonwa kwa vipande virefu vya nguo nzito ya pamba vilivyoungwa ubavu kwa ubavu. Tuchukue nguo ya upana wa mita 1, na jora la yadi 30, yaani mita 27.43. Mwalimu aende sokoni akapime jora la leo, maana majora hayalingani. Lakini hesabu haitabadilika kwa njia yake.

Jibu letu la haraka usiku ule lilikuwa: eneo ni 24, jora lina mita za mraba 27.43, basi linatosha. Tulisahau kwamba fundi hanunui eneo. Hununua nguo na kuikata.

Vipande visimame sambamba na ukingo wa nyuma. Kitako ni mita 6, basi vipande ni 6. Kila kipande ncha yake ya juu imekatwa mshazari kufuata foromali. Fundi akikata kila kipande kwa urefu wa ubavu wake mrefu atahitaji mita 8, 6.67, 5.33, 4, 2.67 na 1.33. Jumla ni mita 28. Jora halikutosha! Mita 4 zilizozidi ni pembetatu ndogo 6 zilizoanguka sakafuni.

Fundi stadi hafanyi hivyo. Hukata kipande cha kwanza mshazari, na mshazari ule ule huufanya kuwa ncha ya kipande cha pili, akikigeuza juu chini. Kipande cha tatu na cha nne hukatwa kwa jozi, na cha tano na cha sita vivyo hivyo. Jozi ya kwanza huchukua mita 13.33, ya pili mita 8, ya tatu mita 2.67. Jumla ni mita 24 kamili, na hakuna kilichoanguka.

Bado kuna maungio na mapindo. Maungio ni 5, na urefu wake wote ni mita 20; nguo ikilaliana sentimita 4, hupotea mita za mraba 0.8. Mzingo wa tanga ni 6 na 8 na 10, yaani mita 24. Pindo la sentimita 5 huchukua mita za mraba 1.2. Jumla kuu ni 26. Basi jora moja linatosha, na hubaki nguo kidogo ya viraka, iwapo fundi anajua kukata kwa jozi. Asipojua, itambidi anunue jora la pili.

Swali la msichana lilikuwa hesabu kubwa kuliko ile iliyokuwa ubaoni. Ndani yake mna eneo, mzingo, desimali, ubadilishaji wa vipimo na ustadi wa kazi. Mama yake angelijibu kwa uzoefu, bila ya kalamu. Mtoto alikuwa ameleta elimu ya nyumbani mpaka mlangoni mwa darasa, nasi tukamfungia mlango.

Namba ambayo haipimi kitu

Sehemu ya mwisho inahusu namba zinazoandikwa juu ya tanga. Majahazi yetu huandikwa jina na namba ubavuni mwa chombo. Mashua za mashindano huandikwa juu ya tanga lenyewe, ili waamuzi wazitambue kwa mbali. Juu ya tanga hilo huonekana mambo 3: alama ya aina ya mashua, herufi za nchi, na namba ya mashua. Herufi za Tanzania ni TAN, za Kenya ni KEN, na za Uganda ni UGA.

Namba huandikwa pande zote mbili za tanga. Kwa kuwa nguo huangaza na namba za upande mmoja huweza kuonekana upande wa pili, kanuni inasema zile za upande wa kulia wa chombo ziwe juu ya zile za upande wa kushoto. Ukubwa wa tarakimu umewekwa pia: kwa mfano, katika mashua ndogo za aina ya ILCA, zilizokuwa zikiitwa Laser, tarakimu ina kimo cha milimita 300.

Hapa mwalimu ana nafasi ya kufundisha jambo ambalo mara nyingi hupuuzwa: kwamba si kila namba ni kipimo. Tuseme mashua moja ina namba 300 na nyingine ina namba 150. Je, ya kwanza ni kubwa mara 2? La. Je, zikiungana zitakuwa mashua 450? La. Namba hizo ni majina yaliyovaa tarakimu. Ndivyo zilivyo namba za fulana za wachezaji wa mpira, namba za magari, na namba ya mtoto katika rejista ya darasa. Kinyume chake, 24 ya mita za mraba ni kipimo: inaweza kujumlishwa, kugawanywa na kulinganishwa.

Kuna na namba zilizo katikati. Mashua za ILCA zina umbo moja, lenye urefu wa mita 4.2 hivi, lakini huweza kuvikwa matanga ya ukubwa wa namna 3. Tangu 2019 zimeitwa ILCA 7, ILCA 6 na ILCA 4. Tanga la ya kwanza ni mita za mraba 7.06, la ya pili 5.76, na la ya tatu 4.7. Ni majina, lakini yametoka katika vipimo, na hayalingani navyo sawasawa. Darasa liulizwe: nani amekaribisha kwa kufuata kanuni, na nani hakufuata? Watoto wataona kwamba 7.06 imekuwa 7 na 5.76 imekuwa 6, kama kanuni isemavyo, lakini 4.7 ingepaswa kuwa 5, nayo imeitwa 4. Hiyo ni namba ya jina, na jina halifungwi na kanuni ya hesabu.

Mpango wa masomo matatu

Tunapendekeza kazi hii igawanywe katika masomo 3. La kwanza liwe la neno na vipimo vya mwili: kila mtoto apime kamba moja kwa dhiraa yake mwenyewe, majibu yaandikwe ubaoni, na darasa lijadili kwa nini yamehitilafiana. Mwenye mkono mfupi atataka kuuza, na mwenye mkono mrefu atataka kununua. Haja ya mita itajitokeza yenyewe, bila ya mwalimu kuihubiri.

La pili lifanyike uwanjani: tanga la mita 6, 8 na 10 kwa kamba ya mafundo, na kimo cha mita 4.8 kitafutwe kwa kutembea.

La tatu liwe la nguo. Karatasi za magazeti zikatwe vipande vya upana wa sentimita 10 badala ya mita 1, na watoto washindane ni kundi gani litakaloshona tanga kwa urefu mdogo kuliko wote. Pasiwe na kueleza siri ya jozi mapema. Pana furaha kubwa mtoto anapoigundua. Akipatikana fundi cherehani jirani na shule, aalikwe. Mwishoni karatasi ziandikwe herufi na namba, na watoto waulizwe ni namba ipi katika kazi yao yote inayopima na ni ipi inayotaja tu.

Neno la mwisho

Katika ziara iliyofuata tulimwomba mwanachuo yule afundishe somo la nguo katika darasa lile lile. Alianza kwa kusema: "Juma lililopita niliulizwa swali, nami sikulijibu. Leo tutalijibu pamoja." Kisha akamwita msichana mbele aligawie darasa karatasi. Kundi lake halikushinda. Lilikata vipande vyote kwa urefu wa ubavu mrefu na karatasi ikapungua. Lakini yeye ndiye aliyeokota pembetatu zilizoanguka sakafuni, akazipanga mbili mbili juu ya dawati, akazitazama kwa muda, kisha akasema: "Hizi zinalingana. Tungezigeuza."

Safari hii, katika fomu ya ukaguzi, hatukuandika habari za saa. Tuliandika maneno hayo ya mtoto, na tarehe.